Nyundo ya Maji ya Balma

Jumatatu, 30 Aprili 1962

Daftari hili ni la kaka yangu Oswald. Kwa miaka ishirini na sita ameandika humu maneno yaleyale kila siku ya kiangazi: "Maji yapo. Salama." Kuanzia leo naandika mimi, Walburga, na yangu yatakuwa marefu zaidi kwa sababu mimi nina mdomo.

Mwenye daftari kalala chali, mguu umefungwa plasta mpaka kwenye paja. Tarehe kumi na mbili alipanda paa la zizi kuparua theluji, mtu wa miaka hamsini, akateleza pamoja na theluji yenyewe. Daktari anasema miezi mitatu, pengine minne. Mfereji wa kumwagilia mashamba haungoji miezi minne. Jumapili ijayo maji yanaingizwa, na asipopatikana mtu wa kuyalinda, wenye maji watamchagua mlinzi mwingine siku ya Mtakatifu Mikaeli. Nyumba hii ni ya mlinzi wa mfereji. Kazi ikienda, nasi tunaenda.

Nimewaambia wazee nitapita mimi mpaka Oswald apone. Walikohoa. Ignaz Ruppen alikohoa kuliko wote.

Jumapili, 6 Mei

Padri amebariki maji, wanaume wakavua kofia, Ignaz akafungua lango kule juu, pale kijito cha Wissa kinapomwagika ndani ya mto Balma. Sisi tulisubiri huku chini kimya. Saa nne na robo gurudumu likaanza kuzunguka, nyundo ikanyanyuka, ikaanguka juu ya ubao wake. Ko! Kijiji kizima kikapumua. Sasa itagonga hivyo mchana na usiku hadi mwisho wa Septemba. Ikigonga, maji yapo. Ikinyamaza, mlinzi anakimbia kutafuta palipoharibika.

Oswald alikuwa amefungua dirisha. Nilipoingia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Vumbi," alisema.

"Vumbi gani, na mvua ilinyesha usiku kucha?"

"Niachie vumbi langu, Burga."

Jumatano, 9 Mei

Malengelenge mawili kwenye kisigino. Maji yapo.

Jumatatu, 21 Mei

Naanza kuwafahamu. Nasema kuwafahamu kwa sababu si maji tu, ni watu wa ukoo mmoja wasiofanana tabia.

Wissa ni binti wa barafu. Anachelewa kuamka. Asubuhi unaweza kumvuka kwa kuruka mawe, lakini jua likishapiga barafu kule juu, kufika saa kumi jioni anakuja mweupe kama maziwa, anapiga kelele, anabeba mchanga. Mashamba ya nyasi yanampenda kwa mchanga huo. Lengbach anatoka chini ya mawe, msafi, baridi ya kuuma meno, haongezeki wala hapungui. Mfereji wetu unampita juu kwa daraja la mbao, na pembeni pale kuna lango dogo la kumwaga maji yote yarudi Balma. Halafu inakuja sehemu ya Ukuta, ambapo mfereji umening'inizwa kwenye genge kwa magogo, na wewe unatembea juu ya ubao mmoja, mto uko chini sana hata huusikii vizuri. Baba yetu alianguka hapo mwaka 1936. Mwisho wa Ukuta ndipo tunapokata njia ya Chrachi, korongo la mlimani, naye huyo hana maji kabisa, ana mawe tu. Oswald ananiambia nisimdharau.

Na wote hao, wakiwa na kelele na bila kelele, Balma anawapokea na kuwateremsha mpaka mto mkubwa wa Rotten bila kuuliza nani katoka wapi. Mimi mwenyewe nina upole mdogo kuliko huo.

Jumatatu, 4 Juni

Kila nikirudi, kabla sijavua viatu, Oswald huuliza:

"Umepita kwa Lengbach?"

"Nimepita."

"Umemtia mkono?"

"Nimemtia mkono, nimemnywa, nimemsalimia kwa niaba yako. Anakupa pole ya mguu."

"Acha mzaha. Akiwa na vuguvugu kidogo tu, ujue maji ya mfereji yanavuja ndani yake. Ubao wa tatu una ufa."

"Wa nne."

"Wa tatu, Burga."

"Kaka, mimi nimetoka huko sasa hivi. Wewe umetoka kitandani lini?"

Akanuna mpaka supu ilipoiva. Kisha akasema pengine ni wa nne.

Jumapili, 24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Agatha Heinzen kaleta mayai na mkate mweusi. Agatha ni shoga yangu tangu tukikalia benchi moja shuleni. Mumewe alifariki miaka mitano iliyopita, na shamba lake la viazi liko chini kabisa ya Chrachi, ngazi tatu zilizojengwa kwa mawe na babu yake. Tulikula mayai yote sita wenyewe. Oswald alipata maganda na maelezo.

Jumatatu, 2 Julai

Plasta imekatwa, imebaki ya chini ya goti. Anatembea na magongo kutoka chumbani kwake mpaka banda la kuni na kurudi. Anajivuna kama aliyepanda mlima.

Niandike ukweli, maana hakuna asomaye hapa. Nimejikuta naogopa apone. Mwezi wa tano nilikuwa nahesabu siku za kurudisha jembe na ufunguo wa lango. Leo asubuhi nilisimama katikati ya Ukuta, maji yakipita kando ya goti langu kimyakimya, nikafikiri: Agosti haya yatakuwa yake tena, na mimi nitarudi kusugua jibini. Roho iliniuma. Nikaona aibu, nikapiga hatua.

Jumanne, 17 Julai

Joto. Wissa amechafuka. Maji yapo.

Alhamisi, 26 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilipita mfereji mzima, hakukuwa na kasoro. Saa tisa wingu jeusi lilikaa juu ya kilele. Niliteremka kwenye pishi la jibini, kwani nilikuwa na vipande thelathini vya kugeuza na kusugua kwa chumvi. Pishini huoni kitu. Radi ilikuja kama mtu anayesukuma kabati ghorofani, basi. Lakini nyundo niliisikia. Ko, ikapumzika, ko. Hata nilisema kwa sauti, "Haya, mzee, gonga tu," nikaendelea kusugua. Ilinyamaza saa kumi na moja na nusu. Hapo nikatupa kitambaa, nikapanda.

Mvua ilikuwa imekwisha. Nilikimbia kwenye gurudumu, nikakuta mfereji ni mtupu. Si kwamba maji yanaishiaishia. Yamekwisha kitambo, yamebaki madimbwi ya mvua tu. Nikasema moyoni, haiwezekani, nyundo imenyamaza sasa hivi.

Nikapanda. Chrachi alikuwa ameshuka. Yule asiye na maji alileta mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, na matope, akauziba mfereji mwisho wa Ukuta. Maji ya mfereji hayakuwa na pa kwenda, yakaruka ukingo na kuteremka moja kwa moja kwa Agatha. Ngazi mbili za viazi zimezikwa. Ya tatu imeondoka na ukuta wake.

Agatha alikuwa amesimama ndani ya tope mpaka magotini.

"Tangu saa kumi, Burga!" alisema. "Saa kumi! Nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Ulikuwa wapi?"

"Nyundo ilikuwa inagonga, Agatha."

"Inagonga?"

"Nakuapia. Mpaka saa kumi na moja na nusu."

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Maji yalikuwa hapa shambani kwangu," alisema. "Nyundo ingegonga kwa maji gani?"

Nikachukua koleo.

Jumapili, 29 Julai

Siku tatu tumechimba, wanaume tisa na mimi. Maji yamerudi leo mchana. Nyundo inagonga. Agatha hakunisalimu kanisani. Nilimwachia nafasi kwenye benchi letu, akaenda kukaa na mke wa Ignaz.

Oswald hali vizuri. Kiganja chake cha kulia kina malengelenge yaliyopasuka. Nimempaka mafuta. Anasema ni gongo.

Jumamosi, 4 Agosti

Maneno yamefika. Ignaz anasema dukani kwamba nililala. "Mwanamke ni mwanamke," anasema, "mtengenezee nyundo ya kanisa kuu, atalala tu." Wengine wanasema mbaya zaidi: kwamba nilisikia, nikaogopa Ukuta, nikajificha pishini.

Kinachoniumiza ni kwamba najiuliza mwenyewe. Labda nimezoea mlio ule mpaka nikausikia usipokuwepo. Kama ni hivyo Ignaz ana haki, na nyumba hii tutaiacha kwa ajili ya masikio yangu.

Nilimuuliza Oswald, "Wewe ulikuwa juu, dirisha wazi. Uliisikia?"

Alikuwa anachonga kipini cha jembe. Alisema, "Radi ilikuwa nyingi." Hakuinua uso.

Alhamisi, 9 Agosti

Nilikwenda banda la kuni kuchukua za kuwashia. Gogo la kupasulia lilikuwa limesogezwa mpaka kwenye ukuta unaopakana na pishi. Juu yake kuna kibonyeo kimoja, kipya, cheupe, chenye kina kama kikombe. Si alama ya shoka; shoka hukata. Hiyo ilikuwa ya nyundo ya mbao, iliyoanguka mahali pamoja mara elfu. Nyundo yenyewe ilikuwa nyuma ya kuni, imefunikwa gunia.

Nilikaa juu ya gogo. Nikakumbuka kiganja chake. Gongo hushikwa na mikono yote miwili, na mkono wa kushoto haukuwa na hata mchubuko.

Nikaingia ndani na ile nyundo, nikaiweka mezani, katikati ya bakuli lake na langu.

"Saa ngapi ulianza?" niliuliza.

Hakujidai hajui. Hilo nampa. "Saa kumi kasoro dakika kumi," alisema. "Ya kule ilikuwa imenyamaza. Nikasubiri kidogo, nikidhani ni jani limekwama. Kisha radi ikapiga Ukutani, nikaona mwanga wake. Nikajua ukiacha kusikia mlio utatoka pishini unakimbia, na utakwenda moja kwa moja kule."

"Ndiyo! Ningekwenda! Ndiyo kazi yenyewe!"

"Najua."

"Ningepita njia ya chini ya msitu, ningefunga mfereji kwenye lango la Lengbach, shamba la Agatha lingekuwa zima! Hata Ukuta nisingeukanyaga!"

"Usingefanya hivyo. Hakuna mlinzi anayefunga kwa Lengbach. Kufunga ni kuwanyima watu wote zamu yao ya kumwagilia siku nzima. Tunakwenda palipoharibika. Baba alikwenda palipoharibika. Na wewe ni mtoto wa baba kuliko mimi."

Nilimtukana. Sitayaandika, mama angeyasikia huko aliko. Nikamwambia wiki mbili watu wananiita mwoga, nimepoteza shoga wa miaka arobaini, na yeye anachonga kipini. Nikamwambia amenifanya nishuku masikio yangu mwenyewe.

Alingoja nimalize. Kisha akasema, taratibu sana, "Mwaka ule, Burga, baba alikuwa pishini. Hakusikia nyundo ikinyamaza, kwa kuwa radi ilikuwa juu yake. Mimi ndiye niliyesikia. Nikashuka ngazi nikamwambia, 'Baba, imenyamaza.' Akavaa koti. Nilimshikia na taa."

Miaka ishirini na sita tumekula meza moja na hajawahi kuniambia.

Sikuweza kumkasirikia tena, na sikuwa tayari kumsamehe. Nilichukua maziwa nikayapasha moto, kwa kuwa lazima mtu afanye kitu. Tulikunywa. Nikamwambia asiseme popote. Mlinzi aliyedanganya kwa nyundo hawezi kubaki katika nyumba hii hata siku moja. Wakidhani nililala, pengine watatuonea huruma.

Jumatano, 15 Agosti

Siku ya Bikira Maria. Daktari kaondoa plasta. Mguu umepona ukiwa mfupi kwa upana wa kidole gumba. Barabarani atatembea. Ubao wa Ukutani, basi tena. Oswald alimshukuru daktari, akamlipia kikombe cha kahawa, akarudi nyumbani akalala akiwa na viatu.

Jumamosi, 25 Agosti

Alfajiri nilikwenda kwa Agatha na koleo bila kualikwa, nikaanza kuondoa mawe ngazi ya pili. Akatoka, akanitazama, akarudi ndani. Nilifanya kazi mpaka saa nne, nikaenda kupita mfereji.

Jumatatu, 27 Agosti

Tena kwa Agatha. Alikuwa ameacha jagi la maji ukutani. Hakuniambia ni langu, lakini yeye hanywi nje.

Alhamisi, 6 Septemba

Wissa anapungua. Leo saa kumi jioni alikuwa na rangi ya kijani hafifu, naye ni yule aliyekuwa anabomoa kingo wiki sita zilizopita. Lengbach ni yuleyule. Balma anaonyesha mawe yake ya chini, na sauti yake imeshuka hata nikiwa Ukutani nasikia kengele za ng'ombe upande wa pili. Nilimtia Lengbach mkono, nikanywa, nikaaga, kwani sijui mwakani atakayekuwa hapa ni nani.

Oswald ananiuliza mambo siku hizi badala ya kuniambia. Leo kaniuliza, kama ningekuwa mlinzi mwenyewe, wingu lile la Julai ningelifanyia nini. Nilimjibu. Akabaki anasugua goti.

Alhamisi, 20 Septemba

Mvua nyembamba. Maji yapo. Agatha alisema, "Una tope kwenye nywele." Ni maneno manne, nimeyahesabu.

Jumamosi, 29 Septemba, Mtakatifu Mikaeli

Wanawake hatuingii kwenye mkutano wa wenye maji. Basi kila mwaka siku hii wanawake wote wa kijiji hukumbuka kwamba wana kabichi za kuosha, tena kwenye bomba lililo chini ya dirisha la ukumbi. Nami nilikuwa na kabichi yangu. Agatha alikuwa na yake, hatua tatu kutoka kwangu.

Walisoma zamu. Wakasoma hasara. Kisha Ignaz akasimama, akasema maneno yake ya dukani, ila kwa adabu kidogo: kwamba mwenye nyumba ni kilema, pole sana, na dada yake alilala siku ya mafuriko, na kijiji hakiwezi kulala naye.

Nikasikia magongo sakafuni.

"Dada yangu hakulala," Oswald alisema. "Nyundo ya mfereji ilinyamaza kabla kidogo ya saa kumi. Aliyoisikia yeye ilikuwa yangu. Nilikaa bandani nikagonga gogo kwa saa moja na dakika arobaini ili asitoke."

Hakuna kabichi iliyooshwa hapo.

"Kwa nini, Oswald?" Hiyo ilikuwa sauti ya mzee Theophil, mwenyekiti.

"Kwa sababu ilikuwa inapiga radi Ukutani. Nilimtuma baba yangu huko mara moja. Mara ya pili sikuweza." Kikasikika chuma kikigonga meza. "Viazi vya Agatha nimeviua mimi. Ufunguo wangu huu hapa mezani. Nyumba tutaiacha mkisema. Lakini msimseme Walburga."

Agatha aliweka kabichi yake chini. Alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega, maji ya bomba yakituruka sote wawili.

"Na wewe ulijua?" aliniuliza.

"Tangu tarehe tisa Agosti."

"Ukaja kunichimbia mawe, kimya?"

"Sasa ningesema nini?"

"Mjinga wewe," alisema, na akanishika mkono kwa nguvu hata pete yake ikaniumiza.

Ndani walimvua kazi. Ilikuwa lazima, na hakuna aliyefurahia, nadhani hata Ignaz. Theophil akauliza nani anajitolea. Hakuna aliyejitaja. Akamwita Ignaz kwa jina. Ignaz akaanza habari ya mgongo wake, kisha akaacha, akasema kama mtu anayetema mbegu, "Nyumba naitaka. Ubao ule siuwezi. Nilipita mara moja mwezi wa tano kufungua lango, nikarudi kwa njia ya msitu." Watu wakacheka, naye akacheka, masikini, na nikamwona kwa mara ya kwanza kama mtu wa kawaida.

Kisha dirisha likafunguliwa juu ya vichwa vyetu. "Walburga Salzgeber," alisema Theophil, "panda huku juu. Na hiyo kabichi iache."

Niliingia na viatu vyangu vya mferejini. Wanaume thelathini na moja. Oswald alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono mitupu.

"Umetembea mfereji msimu mzima," alisema Theophil. "Tunakuuliza jambo moja. Nyundo ikinyamaza na radi inapiga, utakwenda?"

Wote walijua jibu linalotakiwa. Baba yangu alilitoa katika ukumbi huuhuu, na Oswald baada yake.

"Siendi," nilisema.

Mtu akasogeza kiti.

"Wingu jeusi likikaa juu ya kilele, nitapita njia ya chini kabla ya tone la kwanza, nifunge kwa Lengbach, niyamwage maji yote yarudi Balma. Mtakosa zamu siku hiyo na mtanilaani. Pengine mvua haitanyesha, na mtanilaani mara mbili. Radi ikiisha nitakwenda popote palipoharibika, hata kama ni gizani. Lakini Ukutani radi ikipiga, siendi, na simtumi mtu. Mkitaka anayekwenda, tafuteni mwingine."

Theophil aliushika ufunguo uliokuwa mezani. Alikuwa mmoja wa wale waliomtoa baba mtoni.

"Anayekubali," alisema, "ainue mkono."

Mikono ilianza kunyanyuka, mmoja hapa, miwili kule, mpaka ikawa mingi. Sikuihesabu. Nilikuwa namtazama Oswald, kwa kuwa aliuinua wake kabla ya wote, akaushikilia juu kwa mkono mwingine usichoke, na mtu aliyevuliwa kazi hana kura katika mkutano ule. Hakuna aliyemwambia aushushe.